Picha za watu wa kale zisichapwe bila jina la mchoraji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie makala za historia ambazo gazeti lako limekuwa likizichapa kila mwisho wa wiki, zile zinazosimulia maisha ya wafalme na malkia wa Uingereza pamoja na waasisi wa taifa la Marekani. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Iringa, na ninaweza kushuhudia kwamba makala hizo zinasomwa, zinakatwa, zinahifadhiwa na kujadiliwa, kwa sababu vitabu tulivyonavyo shuleni vina maneno mengi na picha chache, na hizo chache zimefifia kwa kutolewa kopi mara nyingi. Ninachoandika hakitokani na dharau kwa kazi ya waandishi wako. Kinatokana na maneno mawili yanayochapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kila picha: "Picha: Mtandao".

Mtandao haukuchora hata moja kati ya picha hizo. Ufundi wa kupiga picha kwa kamera ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, wakati Mfalme Henry VIII alikuwa amekufa tangu 1547, Malkia Elizabeth I tangu 1603 na George Washington tangu 1799. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama mbele ya kamera. Kila sura yao tunayoiona ni kazi ya mkono wa mtu aliyekuwa na jina, aliyeifanya katika mwaka fulani, kwa malipo ya mtu fulani na kwa haja fulani, na mara nyingine mtu huyo hakuwahi hata kukutana na yule aliyemchora. Msomaji asipoelezwa hayo, ataipokea kazi hiyo kama anavyoipokea picha ya paspoti, na atabaki akiamini kwamba hivyo ndivyo mtu yule alivyokuwa.

Wanafunzi wangu huubandika ukurasa wako kwa gundi kwenye manila na kuutundika ukutani, na Henry VIII yupo hapo sasa: mabega mapana yaliyoongezwa upana na manyoya, mkono mmoja umeshika glavu, mwingine uko karibu na jambia la kiunoni, na miguu ameipanua kama mtu anayemzuia mwenzake asipite. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini mfalme alisimama namna ile. Swali hilo ni zuri kuliko maswali mengi ya mitihani, na jibu lake lilipaswa kuanzia katika maelezo ya picha, ambamo hapakuwa na kitu.

Picha ya awali ilichorwa mwaka 1537 na Hans Holbein, Mjerumani mzaliwa wa Augsburg, kwenye ukuta wa kasri la Whitehall jijini London. Mfalme hakuwa peke yake: alichorwa pamoja na baba yake, mama yake na mkewe wa tatu, Jane Seymour, ili kila mgeni aliyeingia chumbani auone ukoo mzima kwa mpigo na aelewe kwamba kiti cha enzi kina wenyewe. Ujumbe huo ulihitajika sana, kwa maana Henry alikuwa amemtaliki mke wa kwanza na kumkata kichwa wa pili, na mtoto wake wa kiume wa ndoa aliyeishi alizaliwa mwaka huohuo wa 1537. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameanguka na farasi katika mashindano ya mikuki, na kidonda cha mguu kilimtesa hadi alipokufa. Kwa hiyo miguu ile iliyopanuliwa kwa kiburi ni ya mtu aliyekuwa na jeraha lisilopona, na mchoraji ndiye aliyempa uimara ambao mwili ulikuwa umeanza kumnyima. Ukuta wenyewe uliteketea Whitehall ilipoungua Januari 1698. Kilichosalia ni sehemu ya karatasi kubwa ambayo Holbein aliitumia kuhamishia mchoro ukutani, iliyohifadhiwa katika jumba la National Portrait Gallery la London, pamoja na nakala za wachoraji wengine, ambao baadhi yao majina yamepotea. Picha mliyoichapa ni mojawapo ya nakala hizo. Si kosa kuichapa nakala, ila msomaji ana haki ya kujua kwamba anatazama nakala.

Holbein huyohuyo alitumwa mwaka 1539 hadi Düren kumchora Anne wa Cleves, binti wa ukoo wa kitawala wa Kijerumani, ambaye mfalme alikusudia kumposa kabla hajamwona. Mshenga wa shauri lile alikuwa Thomas Cromwell, waziri aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Mchoro huo leo uko katika makumbusho ya Louvre, Paris, nao unamwonyesha binti aliyetulia, amefumbata mikono, ametazama mbele moja kwa moja, na gauni lake jekundu lenye dhahabu limechorwa kwa uangalifu mkubwa pengine kuliko uso. Ndoa ilifungwa Januari 1540, mfalme akatangaza kwamba bibi harusi hakumpendeza, na Julai ndoa ikabatilishwa. Tarehe 28 ya mwezi huo Cromwell alikatwa kichwa, na siku hiyohiyo Henry akaoa tena. Yapo mambo mengine yaliyomwangusha Cromwell, ya dini na ya siasa, wala sitaki kudai kwamba picha moja ndiyo iliyomuua. Lakini mwanafunzi akijua kwamba picha ile ilikuwa sehemu ya posa, iliyosafirishwa ili mfalme atoe uamuzi wa ndoa na wa urafiki kati ya mataifa, ataelewa kwamba picha enzi hizo ilifanya kazi ambayo barua na balozi hawakuweza kuifanya. Holbein mwenyewe hakuadhibiwa, na alifia London mwaka 1543. Kabla ya hayo alikuwa amewachora Thomas More na Thomas Cromwell, mahasimu wawili ambao wote walikatwa vichwa kwa amri ya mfalme mmoja. Picha zao leo zinaning'inia katika chumba kimoja cha jumba la sanaa la Frick, New York, moja upande huu wa meko na nyingine upande ule.

Kuhusu Elizabeth I, binti wa Henry, makala yako ilieleza vizuri vita vya 1588 dhidi ya manowari za Hispania, kisha ikapambwa na picha maarufu iliyochorwa kuadhimisha ushindi ule, bila neno lolote juu yake. Hapo ndipo niliposikitika zaidi, kwa sababu picha hiyo ni somo kamili. Malkia alikuwa na umri wa miaka 55, lakini uso hauna kunyanzi hata moja. Nyuma yake, katika madirisha mawili, merikebu za Hispania zinaonekana zikikabiliwa na kisha kuvunjwavunjwa na bahari. Mkono wake wa kuume umetua juu ya tufe la dunia, na vidole vimefunika bara la Amerika. Waingereza wakati huo hawakuwa wamefanikiwa kupata makazi ya kudumu huko: Jamestown, koloni lao la kwanza lililodumu, lilianzishwa mwaka 1607, miaka minne baada ya malkia kufariki. Kwa maneno mengine, mchoraji alichora tamaa kabla ya milki. Sisi tunaofundisha chanzo cha ukoloni tunatumia vipindi vingi kueleza jinsi madola ya Ulaya yalivyojiona yana haki juu ya nchi za wengine, na hapa kuna mkono wa mwanamke mmoja juu ya tufe unaoeleza jambo hilo kwa mtazamo mmoja.

Malkia huyu hakuiacha sura yake mikononi mwa kila mwenye brashi. Mwaka 1563 iliandaliwa rasimu ya tangazo la kuwazuia watu kumchora mpaka upatikane mfano ulioidhinishwa, na mwaka 1596 baraza lake liliamuru picha zisizofaa za malkia ziharibiwe. Paul Hentzner, msafiri Mjerumani aliyemwona mwaka 1598, aliandika kwamba meno yake yalikuwa meusi. Katika picha ya karibu mwaka 1600 iliyopo Hatfield House, jumba la kifahari la Uingereza, malkia anayekaribia umri wa miaka 70 amechorwa kama mwari, nywele zimeachiwa mabegani, na joho lake limetariziwa macho na masikio ya binadamu, ili kila atazamaye ajue kwamba malkia anaona na anasikia. Msomaji anayepewa picha hiyo bila maelezo atapita akidhani ni urembo wa kitambaa.

Waliofuata nitawapitia haraka. Charles I, aliyekuwa mtu mfupi, alichorwa na Anthony van Dyck juu ya farasi mkubwa akionekana mrefu kuliko wote waliomzunguka, na mwaka 1649 Bunge likamkata kichwa. Oliver Cromwell, aliyechukua madaraka baada yake, alichorwa na Samuel Cooper kwenye picha ndogo inayoweza kutoshea kiganjani, chunjua zake zikiwa usoni bila kufichwa. Ukiziweka picha hizo mbili bega kwa bega, mabishano ya enzi ile juu ya mamlaka ya mfalme unayaona kwa macho.

Nikivuka bahari kwenda Marekani, naanza na Pocahontas, mwanamke wa wakazi wa asili wa Amerika, kwa sababu picha mliyoichapa ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mlichapa mwanamke mwenye ngozi nyeupe kabisa, akiwa amepiga magoti abatizwe mbele ya wazungu waliosimama kwa heshima. Kazi hiyo ilichorwa na John Gadsby Chapman na kuwekwa katika jengo la Bunge la Marekani mwaka 1840, zaidi ya miaka 200 baada ya mwanamke huyo kufa. Ipo picha moja tu iliyofanywa akiwa hai, nayo ni ya Simon van de Passe, aliyeichonga kwenye bamba la shaba mwaka 1616, Pocahontas alipopelekwa London. Ndani yake amevaa kofia ndefu ya Kiingereza, kola kubwa ya lesi inayomfunga shingo, na mkononi ana pepeo la manyoya ya mbuni. Mavazi ni ya Waingereza waliompokea, lakini uso ni wake: mifupa ya mashavu imejitokeza, macho ni makavu, na hakuna tabasamu. Maandishi yanayoizunguka yanamtaja kwa jina lake la Matoaka na jina la ubatizo la Rebecca, na kumwita binti wa mtawala Powhatan. Kampuni ya Virginia, iliyoendesha koloni la Jamestown, ilikuwa inatafuta watu wa kuweka fedha katika koloni, na mwanamke aliyebatizwa na kuvikwa Kiingereza alikuwa ushahidi kwamba mradi unakwenda vizuri. Machi 1617, akiwa na umri wa miaka kama 21, alifariki Gravesend kabla merikebu ya kumrudisha kwao haijaiacha Uingereza. Kati ya picha hizo mbili, moja ilifanywa na mtu aliyemtazama usoni na nyingine na mtu aliyemwazia baada ya karne mbili. Gazeti lilichagua ya pili, na msomaji hakuambiwa kwamba palikuwa na uchaguzi.

George Washington anajulikana hata kwa wabadilisha fedha wa Tunduma, kwa kuwa yuko kwenye noti ya dola moja. Sura hiyo inatokana na picha aliyoianza Gilbert Stuart mwaka 1796 na ambayo hakuimaliza kamwe: kichwa kimekamilika, lakini sehemu kubwa ya chini ya kitambaa imeachwa tupu. Aliiacha hivyo makusudi ili asiikabidhi, akabaki nayo maisha yake yote akitoa nakala na kuziuza. Kwenye noti imegeuzwa kama inavyogeuzwa sura katika kioo. Midomo ile iliyobana ina sababu yake. Washington alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu, na alitumia meno ya bandia yaliyotengenezwa kwa pembe ya kiboko, madini na meno ya watu. Hesabu zake za mwaka 1784 zinaonyesha malipo ya meno tisa yaliyonunuliwa kwa watu weusi ambao majina yao hayakuandikwa. Ninapowaeleza wanafunzi jambo hilo darasa hunyamaza, na baada ya hapo hawaitazami tena noti ile kwa jicho la zamani.

Kuna picha nyingine ya Washington, iliyochorwa na John Trumbull mwaka 1780, ambayo mliichapa katika toleo lililozungumzia vita vya uhuru wa Marekani. Nimelinganisha ukurasa wenu na picha nzima, ambayo iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Katika picha nzima, ukingoni nyuma ya jenerali, yupo mtu mweusi mwenye kilemba aliyeshika farasi, ambaye hutajwa kuwa ni William Lee. Lee alinunuliwa na Washington mwaka 1768, akawa naye katika miaka yote ya vita, na ndiye mtumwa pekee aliyepewa uhuru papo hapo kwa wosia wa Washington wa 1799. Katika ukurasa wenu hayumo. Ninafahamu kwamba safu ya gazeti ni nyembamba na msanifu wa kurasa lazima akate mahali fulani. Hata hivyo mtu wa pembeni akikatwa kila mara kwa sababu yuko pembeni, sisi watu wa Afrika tunaondolewa katika historia ambayo tulikuwamo, na tunaondolewa katika gazeti letu wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe.

Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, mfululizo huu usiishie kwa wafalme na marais. Wapo Waafrika waliochorwa katika enzi zilezile, na mmoja wao natamani kila mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini amjue. Ayuba Suleiman Diallo alizaliwa Bundu, katika nchi inayoitwa leo Senegal, katika familia ya wanazuoni wa Kiislamu. Mwaka 1731, akiwa ametoka kuuza watumwa wawili kando ya Mto Gambia (sehemu hii nayo isifichwe), alitekwa, akauzwa yeye mwenyewe na kupelekwa Maryland kwenye mashamba ya tumbaku. Barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu ilifika London mikononi mwa watu walioshangazwa na elimu yake, akakombolewa, na mwaka 1733 akafika Uingereza, ambako aliandika Kurani nzima kwa kichwa, bila kutazama popote. Marafiki zake walitaka achorwe na William Hoare. Kwanza hakutaka. Alipokubali, alishikilia kwamba achorwe katika mavazi ya kwao, si ya Kiingereza. Uso ulipokamilika Hoare akasema kwamba hawezi kuchora vazi asilowahi kuliona, na Diallo akamuuliza kwa nini basi baadhi yao wachoraji wanathubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Hoja hiyo iliandikwa na Thomas Bluett katika kitabu kuhusu maisha ya Diallo kilichochapwa mwaka 1734, mwaka ambao Diallo alirejea Afrika.

Picha yenyewe inamwonyesha kijana aliyevaa kanzu nyeupe na kilemba, macho yametulia, na shingoni unaning'inia mfuko mwekundu wenye Msahafu. Hakuna mnyororo, wala bwana aliyesimama pembeni yake, na hakubeba sinia la mtu. Ni picha ya kwanza inayojulikana ya rangi ya mafuta iliyochorwa Uingereza ikimwonyesha Mwafrika aliyekuwa mtumwa akapata uhuru, kama mtu mwenye jina na heshima yake. Ilinunuliwa na mamlaka ya makumbusho ya Qatar mwaka 2009, na imewahi kuonyeshwa National Portrait Gallery kwa mkopo. Ukiitazama ukijua kwamba vazi lile lilipiganiwa kwa hoja, unaona kwamba anayechorwa naye ana kauli katika picha yake, jambo ambalo Pocahontas hakupewa na Elizabeth alilipata kwa amri ya dola.

Wa pili ni Phillis Wheatley, aliyetolewa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka saba hivi na kushushwa Boston mwaka 1761 kutoka katika merikebu iliyoitwa Phillis, ambayo ndiyo aliyopewa jina lake. Kitabu chake cha mashairi kilichapwa London mwaka 1773 na kufunguliwa kwa picha yake: ameketi mezani, kalamu ya unyoya mkononi, kidau cha wino na karatasi mbele yake, kidole kimegusa shavu kama mtu anayetafuta neno. Maneno yanayoizunguka picha yanamtambulisha kuwa mtumishi Mweusi wa Bwana John Wheatley wa Boston. Picha na maandishi yake vinavutana ndani ya duara moja, kwani mkono unaandika mashairi huku maneno yakimtaja kwa jina la mmiliki wake. Kazi hiyo kwa kawaida hunasibishwa na Scipio Moorhead, Mwafrika mwingine aliyekuwa mtumwa mjini humo, na ndani ya kitabu limo shairi ambalo Phillis alimwandikia mchoraji kijana wa Kiafrika baada ya kuona kazi zake. Huyo naye ni mchoraji ambaye maneno "Picha: Mtandao" yanamfuta kwa mara ya pili.

Jambo hili linatugusa sisi wa Iringa kwa namna ya pekee. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilichukuliwa baada ya kifo chake mwaka 1898, likadaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarejeshwa mwaka 1954 baada ya Gavana Edward Twining kulitafuta miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen kwa kutumia vipimo vya vichwa vya ndugu zake. Leo liko Kalenga, na wanafunzi wetu hulitembelea. Lakini sura za Mkwawa zilizochorwa kwenye kuta, kalenda na fulana mjini kwetu ni kazi ya wachoraji waliozaliwa baada ya yeye kufa. Siwalaumu, maana mtu anayependwa huchorwa. Ninachotaka ni kwamba nao waandikwe majina na miaka, ili mtoto anayesoma somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili ajue kuwa sura ile ni heshima iliyotolewa na mchoraji wa kizazi cha baadaye, na aweze kuuliza mchoraji aliwaza nini alipompa shujaa macho yale na kidevu kile. Tukizoea kuuliza hivyo juu ya Henry na Washington, tutauliza hivyo juu ya watu wetu pia.

Ombi langu halina gharama. Jumba la Metropolitan tangu 2017, na taasisi ya Smithsonian tangu 2020, yameruhusu picha nyingi za kazi zao za kale zitumike bure, na kila picha katika tovuti zao imeandikiwa jina la mchoraji, mwaka, vifaa vilivyotumika na ilikotoka. Maelezo mafupi yanatosha: "Ayuba Suleiman Diallo, alichorwa akiwa hai na William Hoare, rangi ya mafuta, 1733." Palipo na nakala, iandikwe nakala, palipokatwa, iandikwe kwamba hii ni sehemu ya picha, na pale mchoraji alipofanya kazi muda mrefu baada ya mhusika kufa, miaka yote miwili itajwe.

Nimeona tangazo lenu kwamba toleo lijalo litamhusu Benjamin Franklin. Bila shaka mtaichapa picha yake maarufu ya Joseph Duplessis, mchoraji ambaye kazi yake iliipa noti ya dola 100 sura ya Franklin. Ilichorwa Ufaransa mwaka 1778, Franklin akiwa na umri wa miaka 72, alipokuwa huko kutafuta fedha na silaha za kupigana na Waingereza, na alichagua kuonekana bila nywele za bandia na bila mapambo katika nchi ambayo wakubwa wote walijipamba, kwa sababu Wafaransa walivutiwa na mtu wa namna hiyo. Naomba Duplessis, mwaka 1778 na Ufaransa viandikwe chini ya picha hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Iringa